Ubongo unaodunda kwenye video ya MRI
Ukiona video ya MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ikionesha ubongo ukidunda, unaweza kudhani ni katuni. Siyo katuni, ubongo unadunda kweli, ila kwenye video hiyo mwendo umekuzwa. Kila pigo la moyo huingiza damu kichwani na ubongo husogea, kwa kawaida chini ya nusu milimita, zaidi kwenye shina la ubongo (sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo). MRI hupiga picha nyingi zikioanishwa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) au kipima mapigo cha kidoleni, zinapangwa ziwe mzunguko mmoja wa moyo, kisha programu inakuza mwendo. Kwa hiyo usipime milimita humo. Na mgonjwa akitikisa kichwa, au mapigo yakirukaruka, makosa nayo yanakuzwa. Zile picha za kawaida za MRI mnazopewa kwenye CD hapa Dar zimeganda, hazioneshi hili.