Tanga Yetu si hela ya serikali ya Uswisi

Wapo wanaosema Tanga Yetu, mpango wa kuboresha maisha ya vijana jijini Tanga, ni hela ya serikali ya Uswisi. Hapana ndugu, haifadhiliwi na serikali hiyo. Hela ni ya Fondation Botnar, mfuko wa familia ulioanzishwa 2003, makao yake Basel. Uswisi hapo ni anwani tu. Utajiri wenyewe ulichumwa Uingereza, mzee Octav Botnar akiuza magari ya Datsun, baadaye Nissan. Binti yake Camelia alifariki kwa ajali ya gari (ajabu ya dunia hiyo) akiwa bado msichana, ndiyo maana mali ikaelekezwa kwa watoto na vijana. Mfuko wenyewe unaeleza hayo kwenye historia yake. Ila usibebe bahasha ya maombi binafsi, fedha zinapitia mashirika yanayoendesha miradi.