Picha ya mapema ilininyima usingizi wiki saba

Nilimaliza mionzi Machi 2023. Vipindi 35 kwa wiki saba, na dripu za kemo humo humo, kwa saratani ya koromeo iliyokuwa imeshafika kwenye tezi ya shingo upande wa kushoto. Wiki ya tano baada ya hapo bado nilikuwa nakunywa uji kwa kijiko cha chai. Shemeji yangu, kwa mapenzi tu, akasema twende tukapige CT, ile eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, tujue moja. Daktari hakututuma. Tulikwenda wenyewe kituo kimoja hapa Mombasa, tukalipa, tukasubiri ripoti kwenye benchi.

Ripoti ilisema koromeo limevimba, tezi bado ipo, inashukiwa saratani iliyobaki. Siku hiyo nyumbani hakukupikwa.

Daktari wangu wa mionzi alipoiona ile karatasi aliishika kwa ncha za vidole. "Mzee, nani alikutuma?" Akanieleza kwamba mionzi haiishii siku ya mwisho ya matibabu. Nyama iliyochomwa huvimba na kujaa maji kwa wiki nyingi, na tezi iliyokwisha kufa huchukua muda kusinyaa. Ukipiga picha wakati huo, kidonda na saratani vinafanana. Picha yangu aliitaka wiki ya 12, na iwe ya PET, picha inayoonyesha saratani iliyo hai, pamoja na CT. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki saba za kungoja na ile ripoti kichwani. Usingizi niliupata kwa mafungu.

Baadaye nikajua wiki 12 hazikutoka hewani. Waingereza walichapisha utafiti mwaka 2016, wagonjwa 564 ambao saratani zao zilikuwa zimefika kwenye tezi za shingo. Nusu walipangiwa upasuaji wa shingo moja kwa moja, nusu walipigwa PET wiki ya 12 na kupasuliwa wale tu waliohitaji. Uhai ulikuwa sawa. Upasuaji ulikuwa 221 kwa waliopangiwa kisu na 54 kwa waliopigwa PET. Kwa hiyo ukiambiwa ungoje, hujatelekezwa. Unaepushwa na kisu.

PET ilinipeleka Nairobi. Hospitali ya Aga Khan inayo mashine hiyo tangu 2018, na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo pia. Unachomwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, kisha mashine inatafuta mahali sukari hiyo inapoliwa kwa pupa, kwa kuwa saratani ni mlafi wa sukari. Ndiyo maana unafunga kwa muda wa saa sita, maji matupu tu, na jana yake usibebe mizigo wala kupanda ngazi kwa kushindana. Mwenye kisukari aseme mapema, siyo mlangoni, maana sukari ikiwa juu unarudishwa nyumbani, na treni umeshalipia.

Kilichonishangaza ni kunyamaza. Baada ya sindano walinilaza kwenye kiti kirefu, chumba kina giza, blanketi mpaka kidevuni, saa nzima. Simu ikatetema, mke wangu. Nikasema "haloo" tu, na kijana wa mashine akaingia mbio: "Mzee, tafadhali, usiongee." Misuli ya sauti nayo hula sukari ikifanya kazi. Ukipiga soga, koo litawaka kwenye picha, na kwa mgonjwa wa koo hapo ndipo hasa hawataki taa ya uongo. Hata kutafuna peremende ni hivyo hivyo. Mwambieni mke au mume kabla ya kuingia, asidhani mmezirai. Ukitoka, siku hiyo usipakate wajukuu, na kaa mbali na mjamzito. Nguvu ya dawa hiyo hupungua nusu karibu kila dakika 110, kwa hiyo si jambo la wiki.

Kwa CT ya kawaida ya dawa ya mshipani, dai kwanza kipimo cha figo, hasa kama kemo yako ilikuwa sisplatini, maana hiyo huzichosha figo. Na kwa sisi tuliokaushwa mate, kulala chali ni mtihani. Kohozi linakaba, unameza, unakohoa, na kwa MRI, ile mashine ya sumaku, ukimeza meza picha inatoka na ukungu. Mimi huwaambia kabla, napiga funda la maji dakika ya mwisho, na nashika kile kibonyezo cha kuwaita.

Picha yangu ya wiki ya 12 ilikuwa safi. Nikamuuliza daktari tupige tena baada ya miezi mitatu. Akakataa, na nilinuna. Leo namwelewa. Mgonjwa asiye na dalili, ambaye picha ya kwanza ilikuwa safi, hafuatwi kwa mashine kila mara. Anafuatwa kwa vidole vinavyopapasa shingo na kwa ile kamera nyembamba ya puani, inayochoma macho kuliko kitunguu. Mwaka wa kwanza nilikwenda karibu kila mwezi wa pili, kisha nafasi ikaongezeka. Kurudi kwa ugonjwa, ukirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Humo katikati, sauti iliyokwaruza wiki tatu, uvimbe mpya, damu kwenye mate, au sikio la upande mmoja linalouma bila kuwa na ugonjwa wa sikio: usingoje tarehe ya kliniki. Hapo ndipo picha inapolipa pesa yake. Nao wapime damu ya thairoidi, tezi ya mbele ya shingo inayoupa mwili kasi yake, kila miezi sita hadi 12, maana mionzi ya shingo huizima taratibu, nawe ukadhani ni uvivu.

Miaka ishirini nimekuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo karatasi sipotezi. Ripoti peke yake haitoshi. Daktari wa picha anataka kuona picha yenyewe ya zamani aiweke kando ya mpya. Kila safari naomba CD, na naandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Hata ile ya wiki ya tano, ya aibu, nimeihifadhi. Zote zipo kwenye bahasha moja juu ya kabati, na mke wangu ameandika USIKUNJE.