Sina kuraji: maswali yenu kuhusu mazoezi

Nimefungua barua za mwezi huu, na karibu zote zina neno lile lile: kuraji, yaani ule moyo wa kujikaza. Huku Goma tunalitumia bila kufikiri. Ukimpita mtu anayesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, chenye magunia ya makala (makaa), jasho linamtiririka, unamwambia "kuraji!", naye anaitika bila kuinua kichwa. Jioni wewe mwenyewe umekaa kwenye kiti unasema "leo sina kuraji". Nimechagua barua nane, nikazifupisha. Majina nimeyaacha.

"Kila Jumatatu naanza, kila Jumatano naacha. Nina miaka 38, nafanya kazi ya biro, na kilo zinapanda. Hiyo kuraji inauzwa wapi?" (Mama wa Katindo)

Haiuzwi, mama, hata Birere ambako kila kitu kinauzwa. Najua kwa sababu nilijaribu kuinunua. Nilichukua basketi, viatu vya mazoezi, za mtumba, nyeupe, nzuri kabisa, nikaziweka chini ya kitanda. Zilikaa huko msimu mzima wa mvua. Siku nilipozitoa zilikuwa na vumbi jeusi utadhani zimekimbia hadi Sake na kurudi.

Tunachokosea ni kusubiri tujisikie kwanza ndipo tutoke. Hamu haina desturi ya kuja kukuamsha saa kumi na moja na nusu. Mara nyingi inakukuta njiani, dakika ya kumi hivi, mwili ukishapata joto. Basi achana nayo, shughulika na mlango. Tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kubishana na nafsi yako, ulifungie mazoezi kwenye mkia. Unampeleka mtoto shuleni? Ukishamwacha pale getini, zunguka avenyu mbili kabla ya kurudi. Unapanda moto (pikipiki) kwenda kazini? Shuka mapema, mbali kidogo na biro. Mimi nimefunga mazoezi yangu kwenye chai: naweka birika kubwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makala yakishika moto natoka. Nikirudi mfuniko unarukaruka. Siku nikichelewa, mke wangu ananiambia kwamba maji yamekunywa maji. Saa ya mkononi sihitaji.

Watafiti wa University College London waliwafuata watu 96, kila mmoja akijaribu kujenga zoea moja dogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kwamba jambo lilichukua kwa wastani siku 66 hadi lifanyike lenyewe. Wepesi walitumia siku 18. Kwa wengine hesabu ilifika 254. Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua kunywa maji tu. Na jambo linalokuhusu wewe hasa: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo Jumatano ikikushinda, Alhamisi toka. Usingoje Jumatatu nyingine kana kwamba mwili unafuata kalenda ya shule.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Zamani walisema chini ya dakika kumi mfululizo haihesabiwi. Tangu 2020 sharti hilo limeondolewa. Avenyu zako mbili zinahesabiwa.

"Niko juu ya moto tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku. Nachoka, mgongo unauma. Hiyo si spoti tosha?" (Motari wa Majengo)

Mdogo wangu, kuchoka na kufanya mazoezi ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Gari moja, kampuni moja, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata hawakufa nao kwa haraka kama madereva. Sasa tazama barabara yetu: wewe na mtu wa chukudu mnapita kwenye vumbi lile lile. Wewe ndiye dereva. Yeye ndiye kondakta.

Unachoka kwa jua, kelele, mashimo na wateja wanaobishana bei. Misuli ya mapaja na moyo vimelala. Pale mnapongojea wateja, usilale juu ya kiti cha moto na simu. Shuka, shika kiti, chuchumaa na kuinuka mara kumi, tembea hadi mwisho wa foleni, rudi, rudia. Wenzako watacheka siku mbili. Ila maumivu yakishuka hadi mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda kwa muganga wa hospitali kwanza.

"Napenda kukimbia alfajiri upande wa Bulengo na Lac Vert, kuna utulivu. Mama anakataa, anasema mazuku. Si hadithi za wazee?" (Mwanafunzi wa Keshero)

Mama yako anajua kuliko wewe. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mabondeni kama maji kwenye sahani, hasa magharibi ya mji, kando ya ziwa. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Wanaotangulia kufa ni mbuzi, kuku na ndege. Usiku usio na upepo inajaa, na alfajiri unayoipenda ndiyo saa yake. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua.

Fikiria jambo dogo. Unakimbia, kichwa kiko juu ya gesi, hujui lolote. Kamba ya kiatu inafunguka. Unainama kuifunga.

Kwa hiyo: subiri jua, shika barabara kuu, usishuke kwenye mashimo wala mabonde yasiyo na watu, na ukiona mnyama amekufa mahali pa chini geuka. Mtu akianguka humo usimfuate ukiwa peke yako, ita watu. Utulivu kautafute kwingine. Mlima Goma uko pale na unapanda juu, na ukifika unaona ziwa lote.

"Nachota maji ziwani Kituku, bidoni ya lita 20 mgongoni, mara tatu au nne kwa siku. Radio inasema tufanye mazoezi. Mimi tena?" (Mama wa karibu na Kituku)

Hapana, mama, wewe tena hapana. Lita 20 ni kilo 20, na ukipanda nayo mara nne umefanya kuliko wengi wanaolipia sali ya jim. Wewe unahitaji kupumzika na kulinda mgongo. Usiinue bidoni kwa kukunja kiuno. Chuchumaa, iweke karibu na mwili, inuka kwa mapaja. Ukifika nyumbani, lala chali dakika tano, magoti yamekunjwa. Na kama kuna kijana wa kiume humo ndani anayeniandikia kwamba hajui afanye mazoezi gani, mpe bidoni.

"Simu yangu inasema hatua 10,000 kwa siku. Nisipofika?" (Kijana wa Himbi)

Hutakufa. Namba hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuuzwa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Ilikuwa jina la bidhaa, wala haikuanzia kwa madaktari. Halafu simu haijui kwamba hatua zako nyingine ni juu ya mawe ya volkano ya 2002, ambayo yanakula soli na kutegua vifundo. Ukitembea 6,000 leo na jana ulitembea 3,000, umefanya vizuri.

"Nikikimbia, vijana wa kona wanapiga kelele: 'Mama, unafukuzwa na nani?' Nimerudi kukaa ndani." (Dada wa Ndosho)

Wajibu: "Na tansio, presha ya damu, na nyinyi inawajia." Kisha endelea, usisimame kusikiliza jibu.

Kejeli hupenda mtu mmoja. Tafuteni wawili watatu. Hujaona makundi ya Jumapili asubuhi, watu thelathini au arobaini barabarani wanaimba na kupiga makofi? Mle ndani kuna wanene na wembamba, na hakuna kijana wa kona anayethubutu kufungua kinywa. Na giza tuliache, dada, hali ya mji unaijua. Siku ambazo hutaki macho ya watu, parseli yako, uwanja wa nyumbani, inatosha: kamba ya kuanikia nguo ni kamba ya kuruka, na ukuta ni wa kusukuma kwa mikono miwili. Mazoezi ya kukaza misuli yanatakiwa angalau siku mbili kwa wiki, na hayo hayahitaji barabara.

"Nina miaka 63 na tansio. Watoto wananikataza hata kutembea hadi sokoni. Wana haki?" (Papa wa Mabanga)

Papa, kwa heshima zote, watoto wako wanakupenda vibaya. Kutembea kunasaidia kushusha tansio. Anza na muganga: apime, aseme iko wapi, maana tansio mara nyingi haiumi wala haijitangazi. Dawa usiache kwa sababu umeanza kutembea.

Mwendo wako upime kwa kinywa. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Mji huu uko kwenye mita 1,500 hivi. Hata wageni wanaotoka Kinshasa wanahema kwenye kapando kadogo, basi usione haya. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, kaa chini, uite mtu. Vitu vizito usivinyanyue ukiwa umeziba pumzi. Na siku mbili tatu kwa wiki jifunze kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na meza. Uzeeni kuanguka ni adui mkubwa.

Kuna jambo hukuliuliza: chumvi. Kipimo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikiwa sawa, na humo imo ya mchuzi, ya kibe (vidonge vya mchuzi) na ya makayabu, samaki wa chumvi. Makayabu, papa, loweka sana, na maji yake umwage.

"Kundi letu linakimbia Jumapili, halafu tunamalizia nganda: brosheti (mishkaki) na bia. Tunabomoa tulichojenga?" (Wana-jogging wa Virunga)

Nusu. Hiyo nganda ndiyo inayowaamsha, na kundi likivunjika hakuna atakayekimbia. Lakini chupa kubwa ya sentilita 72 inawarudishia karibu nguvu zote mlizochoma kwa nusu saa ya mbio, na mwili uliotoka jasho unataka maji kabla ya pombe. Kunyweni maji kwanza, brosheti zije na lengalenga au kachumbari, chupa iwe moja. Kwetu tulipitisha sheria: atakayeagiza ya pili anarudi nyumbani kwa miguu, moto hakuna. Mwezi uliopita aliagiza mmoja tu. Anakaa Mugunga.