Chora Mraba Kwanza, Hesabu Baadaye

Mwezi uliopita mpwa wangu wa kidato cha nne alinifuata hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, daftari kwapani, uso umekunjamana. Mada ya uwezekano ilikuwa imemshinda. Mimi nauza dagaa, lakini hesabu niliipenda tangu shuleni, basi nikajitia ualimu. Nikamtungia swali la palepale: tuseme uwezekano wa mitumbwi kurudi na dagaa alfajiri ni 3/4, na uwezekano wa kupata jua la kuwakausha ni 2/3. Uwezekano wa kupata dagaa au jua, walau kimojawapo, ni upi?

Nikajijibu mwenyewe kwa mbwembwe: jumlisha tu. Ikaja 17/12.

"Mjomba, si umesema sasa hivi uwezekano hauzidi moja?"

Wanikaji wa jirani walicheka. Nikaokota kijiti, nikachora mraba mchangani.

Mraba mzima ni 1. Upande wa chini niliugawa mara tatu: sehemu mbili za jua, moja ya mawingu. Upande wa kushoto mara nne: tatu za dagaa, moja ya mtumbwi mtupu. Mistari ikipita, unapata vyumba 12. Dagaa na jua vinakutana kwenye vyumba 6, yaani nusu. Hapo mtoto akaona kwa nini tunazidisha 3/4 kwa 2/3: ni urefu mara upana, eneo lilelile alilolisoma shule ya msingi. Jua bila dagaa, vyumba 2. Vyote kukosekana, chumba 1. Dagaa bila jua, vyumba 3, na hivyo vitatu ndivyo vinavyonitia hasara, maana dagaa mbichi hawasubiri mtu.

Kosa langu sasa lilikuwa wazi mchangani. Dagaa wana vyumba 9, jua lina 8, jumla 17. Ila vile 6 vya katikati nilivihesabu mara mbili. Vitoe, vinabaki 11. Jibu ni 11/12. Ushauri wangu kwa anayejiandaa na mtihani: gawa pande kwa kufuata asili za sehemu ulizopewa, hapa 3 na 4, kisha uhesabu vyumba. Daftari la hesabu tayari lina vyumba vyake, huna haja hata ya rula.

Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu hakuridhika. "Siku hali ya hewa imechafuka nani anakwenda ziwani? Hayo mambo yako mawili yanafuatana."

Alikuwa sahihi, na hili wengi huliruka. Mstari ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta maana yake ni kwamba matukio hayategemeani. Yakitegemeana, mstari unavunjika kama ngazi. Tuseme siku za mawingu uwezekano wa dagaa unashuka hadi 1/4. Safu mbili za jua zinabaki na vyumba vitatu vitatu vya dagaa, safu ya mawingu inabaki na kimoja. Dagaa sasa ni 7/12 badala ya 9/12. Mraba ni uleule, mstari tu umeshuka upande mmoja.

Hesabu hizi zenyewe zilikuzwa na ugomvi wa kamari. Mwaka 1654 Blaise Pascal alimwandikia Pierre de Fermat, wote wanahisabati wa Ufaransa, kuhusu wachezaji wawili walioweka sarafu 32 kila mmoja, wa kwanza kushinda mara tatu achukue zote. Mchezo unakatishwa mmoja akiwa na 2, mwenzake 1. Wagawane vipi? Chora mraba, kila raundi ikiwa nusu kwa nusu: nusu ni ya anayeongoza akishinda raundi inayofuata. Nusu iliyobaki ikate tena katikati, kipande kimoja chake, kimoja cha mwenzake. Anayeongoza ana robo tatu ya 64, yaani 48, na ndilo jibu la Pascal.

Juzi mpwa wangu karudi na swali jipya: tukiongeza na bei ya sokoni, yawe matukio matatu, mraba tunauchoraje? Nikamwambia hapo unahitaji mchemraba. Akautazama mchanga, akanitazama mimi, kisha akafungua ukurasa wa mchoro wa mti, ule ambao kila tukio linachipua matawi yake.