Kumuuguza mzazi mwenye saratani nyumbani: majibu ya maswali yenu

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Hospitali wametupa mofini ya maji. Kaka anasema tumpe akizidiwa tu, asije akaizoea. Ni kweli? (Tabora)

Hapana, na hofu hiyo inamtesa mama bure. Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani, kwa dozi aliyopangiwa, hageuki teja. Dawa hii ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kisha nguvu yake huisha. Mkisubiri mpaka alie, maumivu yameshakomaa na kuyatuliza ni kazi kubwa zaidi. Mpeni kwa saa, hata kama wakati huo haumwi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku madaktari wengi huiandika maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Ulizeni kama yake imeandikwa hivyo. Ulizeni pia dozi ya ziada ya kumpa maumivu yakimshika katikati. Mkimpa hiyo, ya saa inayofuata bado anapewa.

Pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Na kila mkipokea chupa mpya, someni lebo: ni miligramu ngapi katika mililita 5? Kuna chupa ya miligramu 5 na kuna ya 50, na kwa macho zinaweza kufanana. Kosa hili hutokea zaidi zamu inapobadilika, dada kaondoka na wifi kaingia. Wekeni daftari kando ya kitanda: saa, kiasi, na maumivu kati ya 0 na 10. Daktari akiliona hilo daftari atajua kama dozi ipandishwe.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, vyote hupungua. Choo kigumu hakipungui. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini na iendelee muda wote. Siku tatu zikipita bila choo, mwoneni muuguzi. Mkojo ukipungua sana, mwambieni daktari siku hiyo hiyo, kwani figo zikilegea dawa hujikusanya mwilini. Akiwa haamki mkimwita na pumzi zimekuwa za nadra, msimpe dozi inayofuata, pigeni simu hospitali papo hapo. Wala msiikatishe mofini ghafla kwa uamuzi wenu.

Kidonda cha titi la mama kinanuka, wajukuu wanakwepa chumba chake naye ameona. (Tanga)

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe, acha yapoe. Bandeji ikiwa imegandamana, ilowanishe kwanza kwa maji hayo; kuivuta kavu ndiko kunakotoa damu. Osha taratibu bila kusugua, usitumie spiriti. Harufu inatokana na bakteria, kwa hiyo muulize muuguzi kuhusu metronidazole (wengi huiita Flagyl): vidonge husagwa vikawa unga laini, ukanyunyizwa kwenye kidonda kila unapokifunga. Kikitoka damu mara kwa mara, omba rufaa. Mionzi inaweza kuikausha hata pale ambapo saratani haiponi, na huduma hiyo ipo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Baba amekataa kula wiki nzima sasa. Shangazi anasema tunamwua kwa njaa. (Morogoro)

Kwanza angalieni kinywa. Utando mweupe ni fangasi, una dawa. Choo kilichofunga na kichefuchefu pia vinatibika. Hayo yakishughulikiwa na bado hataki, mwili wake unafunga kazi, si njaa inayomwua. Mwambieni shangazi hivyo kwa heshima, au mwombeni muuguzi amweleze. Uji wa kulazimisha huingia njia ya hewa na kumpalia. Mpeni vijiko viwili vitatu vya anachokitaka, akiwa ameketishwa. Asipoweza kumeza, lowanisheni midomo na ulimi kwa kitambaa safi chenye maji kila baada ya saa moja au mbili. Shangazi anaweza kuifanya kazi hii, nayo ni kumhudumia kweli.

Ndugu wamekataza baba asiambiwe ana saratani. Ananiuliza kila siku. (Dodoma)

Usimdanganye. Mwulize, “Baba, daktari alikwambia nini?” kisha, “Ungependa tumwombe akueleze yote, au anieleze mimi?” Wengine husema hawataki, na hiyo ni haki yao. Akitaka, mwombe daktari aseme mbele ya mkubwa wa familia, ili usibebe lawama peke yako. Huenda ana deni la kulipa, shamba la kugawa, mtu wa kumwomba radhi. Hayo yanahitaji akili iliyo macho, na siku za namna hiyo kwake si nyingi.