Nullarbor usiku? Hapana
Mzee wangu, umeuliza kama wewe na mama mnaweza kuvuka Nullarbor, ule uwanda mkavu wa kusini mwa Australia, usiku na karavani ili mkwepe joto, jibu langu ni hapana kabisa, kuanzia jua likizama mpaka alfajiri kangaruu wanakurupuka barabarani na ukiwa unavuta karavani breki haishiki kama gari tupu. Tokeni asubuhi, saa kumi jioni muwe mshapaki na chai iko jikoni. Toka mji wa Ceduna hadi mji wa Norseman, yaani mwanzo hadi mwisho wa safari hiyo, ni kama kilomita 1,200, kuna kipande cha kilomita 146 hakina kona hata moja, usingizi mtupu! Halafu msijaze matunda, mkiingia jimbo la Australia Magharibi wakaguzi wa mpakani wanafungua mpaka friji, maembe na asali vinabaki palepale. Mkipita Julai simameni Head of Bight, pale pwani, mcheki nyangumi.