Maswali ya Wasomaji: Wasimulizi 15, Jeneza Moja

Safari hii maswali yametoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na yote yanahusu As I Lay Dying, riwaya ya William Faulkner ya mwaka 1930. Ni kisa cha familia maskini ya Mississippi inayopeleka maiti ya mama kuzikwa mjini Jefferson, kwa gari la kukokotwa na nyumbu.

Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la 11, Ohio. Nimefika ukurasa wa 40 na bado sijui nani anaongea wala nani ni ndugu ya nani. Nianze upya?

Marahaba. Usianze upya, endelea. Faulkner hakutambulishi kwa mtu yeyote. Unakuta watu wanaongea, ukae usikilize mpaka uwajue. Ila kuna kazi mbili za penseli zitakazokusaidia.

Ya kwanza: kila sehemu ina jina la msimulizi tu, haina namba. Zipe namba wewe, 1 mpaka 59. Ukisoma 4 kwa siku utamaliza kwa siku 15, na mwalimu akitaja sehemu hutahangaika kuitafuta.

Ya pili: ndani ya jalada andika familia. Baba ni Anse, mama ni Addie. Watoto, kuanzia mkubwa: Cash (seremala), Darl, Jewel, Dewey Dell (binti pekee) na Vardaman, ambaye bado mdogo. Wengine, kama jirani Tull na mkewe Cora, waongeze unapokutana nao. Darl peke yake ana sehemu 19, Vardaman 10. Jewel ana moja tu, na hilo usilipite hivi hivi: kijana anayesemwa kuliko wote ndiye asiyesema.

Wengi hukwama sehemu ya 12. Darl anasimulia mama yake anavyokata roho, ilhali yeye na Jewel wako mbali, wamekwenda kubeba mbao. Angalia herufi: zilizolala ndizo zinazoonyesha Darl alipo kweli, zilizosimama ni yale anayoyaona nyumbani bila kuwepo. Ukishalijua hilo, hutashangaa baadaye watu wanaposema kijana huyu ana macho ya ajabu.

Mwalimu wetu anataka insha ya kurasa 3 kuhusu msimulizi mmoja. Nimchague Addie, kwa kuwa ni marehemu na bado anazungumza?

Unaweza, lakini nusu ya darasa watamchagua huyo huyo. Addie ana sehemu moja, ya 40, baada ya jeneza kunusurika mtoni. Swali lenye uzito ni kwa nini amewekwa hapo, katikati ya Cora anayejiona mcha Mungu na mchungaji Whitfield. Ukisoma hizo tatu mfululizo utagundua Jewel ni mtoto wa nani.

Mimi ningemchukua Cash. Katika sehemu ya 18 anatoa sababu 13 za kukata mbao za jeneza mshazari: misumari inapata mahali zaidi pa kushika, maji yanapenya kwa shida, hadi ya mwisho, kwamba kazi inatoka nadhifu. Hataji huzuni hata mara moja. Sehemu inayofuata ni ya Vardaman, sentensi moja tu: mama yangu ni samaki. Ndugu wawili, msiba mmoja. Mmoja ameshika vipimo, mwingine ameshika samaki mkubwa aliyemvua siku ile ile. Hapo unazo kurasa zako 3.

Makosa yanayopunguza alama ni yale yale: kusimulia kisa upya, na kuandika «Faulkner anasema» pale anaposema Anse. Kila nukuu itangulize kwa jina la msimulizi. Muhtasari wa intaneti nao hauna msaada hapa, maana hupanga matukio yafuatane vizuri, na insha yako inahusu jinsi yalivyovurugwa.

Bwana Mhariri, binti yangu ana miaka 16. Nasikia kitabu hiki kina mambo mazito. Nimwache asome?

Mzee, yamo kweli. Maiti inaoza njiani na tai wanaifuata. Vardaman anatoboa jeneza kwa keekee ili mama apumue, na matundu mawili yanafika usoni. Dewey Dell ana mimba, amepewa dola 10 aitoe, na karani mmoja wa duka la dawa anamlaghai na kumtumia vibaya. Kitendo chenyewe hakielezwi waziwazi, lakini binti yako ataelewa.

Soma kwanza zile sehemu za wauza dawa wawili, Moseley na MacGowan, zote ni fupi, kisha uamue. Ukiona hapana, mwandikie mwalimu mapema, kabla darasa halijaanza kitabu. Shule nyingi hukubali mwanafunzi apewe kingine. Ukiona sawa, someni sehemu hizo mbili pamoja, na muulize binti ni nani kati ya wauza dawa hao wawili aliyemtendea Dewey Dell kama mtu.